Basi hushindwa usiku, si asubuhi

Ukimuuliza mtu aliyeacha kupanda basi kwa nini aliacha, atakupa jibu fupi: lilikuwa linachelewa, lilikuwa linajaa, nauli ilipanda. Wakubwa wa mashirika ya usafiri nao wana yao: watu wamepata hela, wanapenda kujionyesha, hawataki kubanana na wenzao. Majibu yote haya yana ukweli ndani yake, na yote yana kasoro moja. Yanachukulia kwamba kila asubuhi mtu husimama mlangoni kwake, akapima basi upande huu na gari upande ule, kisha akachagua. Hakuna anayeishi hivyo. Mwenye gari hatoki nyumbani akiwaza apande nini. Anatoka na ufunguo mkononi.

Uamuzi ulishafanyika zamani, mara moja, siku gari liliponunuliwa. Na mara nyingi halikununuliwa kwa ajili ya safari ya kazini. Safari ya kazini basi huiweza: saa inajulikana, njia inajulikana, wanaokwenda huko ni wengi. Gari au pikipiki hununuliwa kwa sababu ya safari chache ambazo basi lilimwangusha mtu. Mtoto alishikwa na homa saa sita usiku. Zamu ilikwisha dakika kumi baada ya basi la mwisho kupita. Mzee wa upande wa pili wa mji alikuwa anahitaji kutembelewa kila Jumapili, na Jumapili mabasi ni ya kuhesabu. Kwa mwaka mzima safari za namna hiyo huenda zisifike ishirini, lakini ndizo zinazokumbukwa, na ndizo zinazomfanya mtu aanze kuweka akiba ya chombo chake mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tunasema. Anayetegemea basi ambalo usiku halipo hujiona yuko hivyohivyo.

Akishanunua, hesabu inageuka. Bei ya gari, bima na kodi zimeshalipwa, au zitalipwa hata gari likilala wiki nzima. Kinachobaki kwa kila safari ni mafuta, na mafuta ya safari moja hayatishi. Basi hudai chake palepale mlangoni, kila siku, kwenda na kurudi. Kwa hiyo aliyenunua gari kwa ajili ya usiku ishirini atalitumia siku mia tatu, maana kuliacha nyumbani na kulipa nauli kunamuuma kama kulipia kitu kimoja mara mbili. Basi linapoteza asubuhi ambazo lilikuwa linazimudu vizuri kabisa, kwa kosa lililofanyika usiku.

Watafiti wa usafiri, hasa nchini Ujerumani, wana tawi zima linalofuatilia historia ya mtu ya kusafiri kama daktari anavyofuatilia faili la mgonjwa. Wanachokiona ni kwamba watu hubadili namna ya kusafiri kwa nadra, na wakibadili huwa ni pale maisha yanapokata kona: kuhama nyumba, kupata kazi mpya, kuoa au kuolewa, kupata mtoto. Katikati ya kona hizo mazoea ndiyo yanayoendesha. Ndiyo sababu takwimu za abiria zinamdanganya anayezisoma mwezi kwa mwezi. Abiria anayeonekana leo huenda moyoni ameshaondoka, anangoja tu mkopo upite.

Sasa tuingie kwenye kinachomfanya aondoke, na hapa lazima tuzungumzie kusubiri.

Katika hesabu za wapangaji wa usafiri, dakika moja ya kusimama kituoni huhesabiwa kuwa na uzito wa takriban dakika mbili za kukaa ndani ya basi linalotembea. Kila aliyewahi kusimama kwenye jua au mvua akichungulia upeo wa barabara anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Ukiwa ndani ya basi, hata likienda polepole, unaona linakwenda. Kituoni unangojea kitu ambacho huna hakika kama kipo.

Basi likipita kila baada ya dakika 10 huhitaji ratiba. Unatoka unapotaka, kama unavyofungua bomba ukitaka maji. Likipita kila dakika 30, maisha yako yanapangwa na basi. Ukilikosa kwa sekunde chache umekula nusu saa. Na kama safari yako inahitaji kubadilisha basi njiani, hofu ya kukosa inajirudia: basi la kwanza likichelewa dakika tano, la pili limekwenda, na safari iliyoandikwa dakika 40 kwenye karatasi imezidi saa moja. Ili awahi, mtu hulazimika kuondoka na akiba ya muda. Akiba hiyo haionekani katika takwimu yoyote ya shirika la usafiri. Kwao basi lilifika. Kwa abiria, saa nzima ya siku yake imepotea kwa tahadhari.

Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu, awe wa enzi za kutembea kwa miguu au za treni, huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Chombo kikiwa na kasi zaidi, watu hawaokoi muda. Wanahamia mbali zaidi. Mtu anaweza kubishana na usahihi wa namba hiyo, maana miji mikubwa ina wengi wanaotumia zaidi ya hapo. Lakini kiini chake kinaeleza jambo: kila mtu ana bajeti ya muda, na akiba ya tahadhari ndiyo huwa ya kwanza kuivunja.

Ratiba ni ahadi, na ahadi ni deni. Novemba 2017 kampuni inayoendesha njia ya Tsukuba Express nchini Japani iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Dunia ilicheka, wengine wakasema Wajapani wamezidi. Mimi nadhani waliomba radhi kwa kosa lililo sahihi. Kuchelewa kunamuumiza kila mtu kidogo. Kuondoka mapema kunamuumiza aliyefika kwa wakati, yaani yule aliyeiamini ratiba kuliko wote. Mtandao wa usafiri unaowaadhibu waaminifu wake hauna haki ya kushangaa wakihama.

Mwaka 1972 mchumi wa Marekani Herbert Mohring alieleza tabia moja ya ajabu ya usafiri wa umma. Barabarani, kila gari linaloongezeka linawaongezea wengine foleni. Kwenye basi mambo ni kinyume: abiria wakiongezeka, mabasi huongezwa, na mabasi yakiongezwa kila aliyekuwepo tangu mwanzo anasubiri muda mfupi zaidi. Ujio wa jirani yako ni faida kwako. Hii ni hoja nzuri sana ya kutoa ruzuku. Lakini inafanya kazi pande zote mbili, na upande wa kushuka ndio tunaoujua zaidi.

Ichukulie hivi. Kikao cha bajeti kinaangalia hesabu ya abiria na kuona kwamba mabasi ya baada ya saa nne usiku hubeba watu sita au saba. Yanafutwa. Uamuzi ni wa busara kwenye karatasi. Mfanyakazi wa jikoni aliyekuwa mmoja wa wale saba ananunua pikipiki. Basi halijapoteza safari yake ya usiku peke yake, limepoteza na ya mchana, na ya sokoni, na ya kumpeleka mtoto kliniki. Mwaka unaofuata kikao kinaona abiria wa mchana wamepungua, wanapunguza mabasi ya mchana kutoka kila dakika 15 hadi kila 20. Wengine wanahama. Kila hatua ya njia hiyo ya kuteremka ina takwimu sahihi za kuitetea, na hakuna mtu kikaoni aliyesema uongo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza wale saba walikuwa wanapanda nini mchana.

Mporomoko mmoja mkubwa sana katika historia ya jambo hili ulitokea Marekani. Mwaka 1946 mabasi, tramu (treni ndogo zinazopita barabarani) na reli za mijini za nchi hiyo zilibeba safari zaidi ya bilioni 23. Kufikia 1972 zilikuwa zimebaki pungufu ya bilioni 7, huku idadi ya watu ikiwa imeongezeka kwa makumi ya mamilioni. Ipo hadithi inayopendwa kuhusu anguko hilo: General Motors, kampuni ya kutengeneza magari, na wenzake walizinunua kampuni za tramu ili wazizike. Ndani ya hadithi hiyo mna kesi ya kweli. Mwaka 1949 General Motors, Firestone, Standard Oil ya California na wengine walitiwa hatiani kwa njama za kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa kampuni za usafiri wa mijini zilizokuwa chini ya kampuni mama, National City Lines. Kwenye shtaka la kutaka kuhodhi biashara yenyewe ya usafiri wakaachiwa.

Hadithi ya mwizi ni tamu kwa sababu inatuondolea lawama. Lakini tramu nyingi zilikuwa taabani kabla mwizi hajafika. Tazama New York, ambako nauli ya treni ya chini ya ardhi ilikuwa senti 5 ilipofunguliwa mwaka 1904, na ilibaki senti 5 hadi 1948. Ni miaka 44 yenye vita vikuu viwili na mfumuko wa bei, na hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuigusa. Ilionekana ni huruma kwa mnyonge. Mnyonge huyohuyo ndiye aliyepanda mabehewa yaliyochakaa, maana pesa ya kuyatengeneza haikuwa inatoka popote: nauli ilizuiwa, na ruzuku haikuletwa. Kisha mwaka 1956 serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya barabara kuu zinazounganisha majimbo, ikabeba asilimia 90 ya gharama. Sheria ya shirikisho ya kusaidia usafiri wa umma mijini ikaja mwaka 1964, na mfuko mdogo zaidi. Makazi mapya yalijengwa kando ya hizo barabara, nyumba zikiwa mbalimbali, na basi haliwezi kupita mahali ambapo kituo kimoja kinahudumia nyumba kumi na mbili.

Jambo hili la umbali wa makazi linastahili makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba mtu akishahamia mahali ambapo hawezi kutembea hadi kituoni, ameshanunua gari, hata kama bado hajalilipia.

Nauli, basi. Wengi wanaamini kwamba ikishushwa watu watarudi, na ikiondolewa kabisa watarudi mbio. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliwaondolea nauli wakazi wake waliosajiliwa tangu Januari 2013. Abiria waliongezeka, lakini sehemu kubwa ya wapya walikuwa watu waliokuwa wakitembea kwa miguu, na magari yaliendelea kujaa barabarani. Ujerumani majira ya joto ya 2022 iliuza tiketi ya euro 9 kwa mwezi, halali kwa mabasi na treni za mikoa nchi nzima. Tiketi zipatazo milioni 52 zilinunuliwa katika miezi mitatu. Watu walisafiri, walitembelea ndugu, walikwenda ufukweni, na sehemu ndogo tu ya safari hizo ndiyo iliyochukua nafasi ya gari. Vijijini, ambako basi hupita mara mbili kwa siku, tiketi ya bei chee ilikuwa tiketi ya kupanda kitu ambacho hakipo.

Sisemi nauli haina maana. Kwa asiye na kitu, nauli ndiyo tofauti kati ya kufika na kutofika, na hiyo ni sababu tosha ya kuishusha. Ila tusiichanganye haki na chambo. Pesa ileile ikitumika kuongeza mabasi ya usiku humrudisha mtu ambaye punguzo halimrudishi.

Kuna kundi ambalo takwimu za usafiri zilikuwa hazilioni kwa muda mrefu, nalo ni la wanawake. Mtandao wa kawaida wa mabasi hupangwa kama mionzi ya jua: kutoka pembezoni kwenda katikati, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Abiria anayefikiriwa hapo ni mwanamume mwenye kazi ya ofisini, anayebeba mkoba mmoja. Mwanamke anatoka nyumbani na mtoto, anamwacha shule, anapita dukani, anamwona mama yake anayeumwa, anakwenda kazini kwa nusu siku, anarudi kumchukua mtoto. Safari tano fupi, za kukata mji kwa upande, katikati ya mchana, na mzigo. Msanifu wa miji wa Hispania, Inés Sánchez de Madariaga, aliziita safari hizi usafiri wa malezi, na alichokuwa anadai ni jambo dogo: zihesabiwe kwa pamoja, kama safari za kazini zinavyohesabiwa. Katika dodoso nyingi zilikuwa zimetawanywa kwenye manunuzi, matembezi, na mengineyo. Ukizijumlisha unakuta zinakaribiana na safari za kazini zenyewe. Katika mtandao wa mionzi kila safari kama hiyo inadai kwenda kwanza katikati ya mji kisha kurudi nje, na nauli mara mbili. Haishangazi kwamba mtoto wa kwanza ndiye anayeleta gari la kwanza.

Halafu kuna woga. Mchumi Girija Borker aliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu jijini Delhi, akakuta wasichana walikuwa tayari kuchagua chuo cha hadhi ya chini kuliko kile walichostahili ili tu wapite njia iliyo salama zaidi. Wavulana hawakufanya hivyo kwa kiasi hicho. Soma tena sentensi hiyo na uiweke kwenye mizania ya faida na hasara za usafiri. Mikono inayopapasa ndani ya basi lililojaa na kituo kisicho na taa vinalipiwa kwa elimu, na baadaye kwa mshahara. Msichana huyo akipata kipato, gari au teksi kwake si anasa. Anayemwita mpenda makuu hajawahi kusimama mahali pake.

Nimesema woga na usiku, na hapo ndipo zilipoingia teksi za kuitwa kwa simu. Uber ilianzishwa San Francisco mwaka 2009, na popote huduma za aina hiyo zilipoenea, nguvu yake ilikuwa kubwa usiku na mwisho wa wiki, yaani kwenye pengo lilelile ambalo basi liliacha wazi. Hapa nakiri hoja yangu inaweza kugeuzwa. Kama watu wananunua gari kwa ajili ya safari ishirini, si afadhali safari hizo zichukuliwe na teksi, gari lisinunuliwe, na basi libaki na asubuhi zake? Kwa baadhi ya watu ndivyo inavyokuwa. Lakini utafiti uliofanywa San Francisco kwenyewe uliona teksi hizo zimeongeza msongamano barabarani kwa kiasi kikubwa, na basi ndilo la kwanza kukwama kwenye msongamano. Kilichookolewa usiku kikapotezwa saa kumi na moja jioni.

Katika miji mingi ya Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, aliyemtoa abiria ndani ya basi ni pikipiki. Ni ya bei nafuu kuliko gari, inapenya foleni, inafika mlangoni. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilizindua mabasi yake ya mwendokasi, TransMilenio, mwishoni mwa mwaka 2000, dunia ikaenda kujifunza. Curitiba ya Brazili ilikuwa imetangulia tangu 1974. Miji hiyo miwili ilithibitisha kwamba basi likipewa njia yake huwa karibu na treni. Imethibitisha pia kwamba mafanikio yasiyoongezewa mabasi hugeuka mbanano, na mbanano ni tangazo zuri sana la muuza pikipiki. Pikipiki huua na kulemaza, kila hospitali yenye wodi ya mifupa inalijua hilo. Mnunuzi naye anajua. Ameiweka hatari hiyo kwenye mizani dhidi ya saa mbili za kubanwa kila siku, akachagua hatari. Tunaopenda kumshangaa tungeuliza kwanza tulimwekea nini upande wa pili wa mizani.

Kuhusu foleni, jambo la msingi ni rahisi na bado linakwepwa: basi linalochangia barabara na magari haliwezi kamwe kuwa na kasi kuliko gari. Linakaa kwenye foleni ileile, kisha linasimama na vituoni. Wapiga kura wa Zürich, Uswisi, mwaka 1973 walikataa mradi wa kujengewa reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1977 wakaidhinisha faranga milioni 200 za kuzipa tramu na mabasi kipaumbele palepale juu ya ardhi: njia zao, na taa zinazogeuka kijani zinapokaribia. Fedha hizo hazikuwa za handaki la kifahari. Leo tajiri na mlinzi wake hupanda tramu moja. Hadithi ya kwamba mwenye nacho hawezi kupanda chombo cha umma inaishia hapo. Hadhi ya basi inatokana na mwendo wake, na anayelizuia kutembea asije akalaumu majivuno ya watu.

Ila njia ya basi lazima itoke mahali, na hutoka kwenye lami ya gari. Hapo ndipo ujasiri unapoisha. London ilianza kuyatoza magari yanayoingia katikati ya mji Februari 2003, ikazielekeza pesa hizo kwenye usafiri, mabasi hasa. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilifanya majaribio ya miezi saba mwaka 2006. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban moja ya tano, na wananchi waliokuwa wakipinga wakaipigia kura iendelee. Kila mji mwingine unaotaka kufanya hivyo huambiwa kwamba watu wake ni tofauti. Na maegesho ya bure, ambayo Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba si ya bure bali hulipiwa na kila mtu, hata asiye na gari, ndani ya kodi za nyumba na bei za bidhaa, hayo hata hayajadiliwi.

Uingereza ilitupa jaribio ambalo mtafiti angelipanga asingelipata vizuri hivyo. Oktoba 1986 biashara ya mabasi iliachiwa soko huria nchini humo, isipokuwa London. Kwingine kampuni zilijichagulia njia na saa zao. London mamlaka ya mji ilibaki na ramani, ratiba na nauli, kampuni zikashindania zabuni za kuendesha tu. Katika miji mikubwa mingine ya England takriban nusu ya abiria walipotea katika miongo mitatu iliyofuata. London waliongezeka, hadi wakapita safari bilioni 2 kwa mwaka. Sitadai soko peke yake ndilo lililoua. London ilikuwa na ruzuku nene, watu wengi waliosongamana na ile tozo ya magari. Lakini angalia kampuni huria ilichokifanya kila mahali: ilikimbilia njia nono na saa nono, ikayaacha mabasi ya usiku na ya Jumapili kwa halmashauri maskini. Ilikata zile safari zinazomfanya mtu anunue gari. Manchester na miji jirani ilirudisha mabasi mikononi mwa mamlaka ya umma hatua kwa hatua kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025.

Ugonjwa wa corona ulileta sababu nyingine, na hii haina mwenye kosa. Aprili 2020 treni na mabasi ya dunia yalikuwa matupu. Waliporudi, wafanyakazi wa ofisini walirudi siku mbili au tatu kwa wiki, na kadi ya mwezi ikawa hasara kwa mnunuzi. Mashirika yaliyokuwa yakiishi kwa kadi hizo yaliumia sana. Kilichonivutia ni waliorudi mapema. Marekani, mabasi ya kawaida yalijaa tena kabla ya treni za vitongojini, maana waliokuwa ndani yake ni wauguzi, wapishi, wafagizi na walinzi, watu ambao kazi yao haifanyiki kwenye kompyuta ya nyumbani na haimaliziki saa kumi na moja. Abiria wa saa mbovu, aliyekuwa akihesabiwa kuwa mzigo, ndiye aliyebaki kuubeba mtandao.

Houston, Texas, ni mji wa magari kama ipo miji ya magari. Agosti 2015 mamlaka yake ilifanya jambo ambalo wengi huliogopa: usiku mmoja ilifuta ramani ya zamani ya mabasi na kuamka na mpya. Njia zilizokuwa zikijipinda na kurudiana zilinyooshwa, zikapangwa kama gridi, yaani zikikatana kama nyuzi za wavu, badala ya mionzi, na zile kuu zikapewa basi kila dakika 15 au chini ya hapo, siku saba za wiki. Bajeti haikuongezwa sana. Dereva waliokuwa wakizungushwa kwenye njia tupu walihamishiwa zilizojaa, na wapo waliopoteza kituo karibu na nyumbani kwao, wakalalamika kwa haki. Hesabu za kwanza zilipotoka, ongezeko kubwa la abiria halikuonekana Jumatatu asubuhi. Lilionekana Jumapili.